Agner Erlang: Mwalimu wa kijijini aliyeipatia foleni hesabu

Ikifika saa mbili usiku katika nyumba nyingi za Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, na kule Tororo chini ya ule mwamba mkubwa, laini moja ya intaneti huwa na kazi ya watu wengi. Baba anamalizia hati za mzigo wa kesho kwenye kompyuta. Mama anataka kulipia samaki kwa programu ya simu. Kijana anatazama mpira kwenye runinga, na dada yake anapakua masomo. Ghafla kila kitu kinakwama. Haijulikani kama malipo yamekwenda au hayakwenda, mwenye samaki anapiga simu kuuliza, na ndani ya nyumba swali ni moja: nani anamaliza intaneti?

Ugomvi huo ni mkongwe kuliko kompyuta. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita ulikuwa ugomvi wa laini za simu katika mji wa Copenhagen, Denmark. Mtu aliyeupatia hesabu yake alikuwa mwalimu mtulivu aliyeitwa Agner Krarup Erlang. Alifariki mwaka 1929, kabla kompyuta hazijaingia ofisini wala nyumbani. Hata hivyo, wahandisi wa simu duniani bado huanzia kwake wanapokadiria laini ngapi zinatosha watu wangapi, na kipimo wanachotumia kinabeba jina lake.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, ambaye siku hizi hati, bei na malipo yake vyote hupita kwenye laini ya pamoja, maisha ya mtu huyo yana faida ya kujulikana.

MTOTO WA MWALIMU

Erlang alizaliwa Januari 1, 1878 katika kijiji cha Lønborg, kwenye rasi ya Jutland, magharibi mwa Denmark. Baba yake, Hans Nielsen Erlang, alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji na karani wa parokia. Mama yake, Magdalene, alitoka katika ukoo wa Krarup, ukoo wa watu wa kanisa. Kwa upande huo wa mama, Erlang alikuwa na uhusiano wa mbali na Thomas Fincke, mwanahisabati mashuhuri wa Denmark wa karne za 16 na 17.

Nyumba yao ilikuwa na watoto wanne: Frederik, kaka mkubwa, Agner mwenyewe, na dada zake Marie na Ingeborg. Haikuwa nyumba ya utajiri, lakini vitabu vilikuwamo. Inasimuliwa kwamba jioni Frederik alikuwa akisoma kitabu kikiwa kimemwelekea yeye, naye Agner akikaa upande wa pili wa meza akikisoma kitabu hichohicho maandishi yakiwa yamepinduka juu chini. Hivyo ndugu wawili walitumia kitabu kimoja kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Somo alilolipenda zaidi lilikuwa elimu ya nyota. Alisomeshwa na baba yake, na alipofikisha miaka 14 alikwenda Copenhagen kufanya mtihani wa awali wa Chuo Kikuu. Umri wake ulikuwa chini ya ule unaotakiwa, hivyo ilibidi apewe ruhusa maalumu. Alifaulu kwa sifa.

Badala ya kuendelea moja kwa moja, alirudi kijijini na kufundisha kwa miaka miwili katika shule ya baba yake, huku akijiandaa kwa masomo ya juu. Gharama za chuo zilikuwa mzigo kwa familia ya mwalimu wa kijiji. Ufadhili ndio uliomfungulia mlango. Mwaka 1896 alifaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Copenhagen, na mwaka 1901 alimaliza shahada ya uzamili katika hisabati, akiwa pia amesoma elimu ya nyota, fizikia na kemia.

MIAKA SABA DARASANI

Baada ya chuo, Erlang alifundisha katika shule mbalimbali kwa takriban miaka saba. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa kujitokeza, lakini aliyeheshimiwa kwa kazi yake. Jioni hakuiacha hisabati. Mwaka 1904 insha yake kuhusu kazi za Huygens, mwanasayansi wa Uholanzi wa karne ya 17, ilipewa sifa na Chuo Kikuu cha Copenhagen.

Alijiunga pia na chama cha wanahisabati wa Denmark na kuhudhuria mikutano yao. Huko alikutana na mtu aliyebadilisha maisha yake, Johan Jensen. Jensen anajulikana na wanahisabati wote kwa kanuni inayoitwa kwa jina lake, lakini mkate wake wa kila siku aliupata katika Kampuni ya Simu ya Copenhagen, ambako alikuwa mhandisi mkuu. Jensen alimtambulisha Erlang kwa mkurugenzi wa kampuni hiyo, Fritz Johannsen.

Johannsen alikuwa na tatizo lililomkosesha raha, na tayari alikuwa ameanza kuandika juu yake yeye mwenyewe. Mwaka 1908 alimwajiri Erlang, naye akawa mtaalamu wa sayansi wa kampuni na baadaye mkuu wa maabara yake. Alikuwa na umri wa miaka 30. Alidumu katika kampuni hiyo mpaka kifo chake.

LAINI NGAPI ZINATOSHA?

Tatizo la Johannsen lilikuwa hili. Siku hizo kila mteja wa simu alikuwa na waya wake kutoka nyumbani hadi ofisi ya kuunganisha simu. Ndani ya ofisi hiyo walikaa wanawake waliounganisha wito kwa mikono, wakichomeka kamba kwenye ubao. Lakini kutoka ofisi moja hadi nyingine, au kutoka mji hadi mji, haikuwezekana kila mteja awe na waya wake. Waya hizo zilikuwa chache, na watu wengi walizitumia kwa zamu.

Kampuni ikiweka laini chache, wateja wanasubiri, wanakasirika, na biashara zao zinapotea. Ikiweka laini nyingi, shaba na mishahara vinaila faida yote, na waya zinalala bila kazi sehemu kubwa ya siku. Mfanyabiashara yeyote anayepanga akodi malori mangapi au aweke mizani mingapi sokoni anaufahamu mtego huo.

Wengi walilijibu swali hilo kwa kukisia. Wengine walichukua wastani: kama simu za saa nzima zikijumlishwa zinafika dakika 60, basi laini moja inatosha, kwa kuwa saa ina dakika 60. Erlang alionyesha kwamba jibu hilo la wastani ni la uongo.

Sababu ni kwamba watu hawapigi simu kwa kupangana. Dakika moja hakuna anayepiga, dakika inayofuata wanapiga watatu. Mmoja anazungumza nusu dakika, mwingine anazungumza kumi. Laini inakaa bure asubuhi, halafu inagombewa mchana, na ule muda uliokaa bure hauwezi kuwekwa akiba ukatumika baadaye.

Mwaka 1909 alichapisha makala yake ya kwanza kubwa juu ya jambo hilo, akitumia hisabati ya uwezekano kwenye mazungumzo ya simu. Alithibitisha kwamba wito unaoingia bila mpango hufuata kanuni inayojulikana, iliyopewa jina la Mfaransa Poisson. Maana yake ni kwamba ingawa hakuna anayejua nani atapiga simu saa ngapi, inawezekana kujua ni mara ngapi watu watagongana. Vurugu yenyewe ina kipimo.

NGAZI NA MASHIMO YA BARABARANI

Mtu anaweza kudhani kwamba Erlang alikaa mezani tu na kalamu. Haikuwa hivyo. Alipoanza kazi maabara yake haikuwa na wasaidizi, na moja ya kazi zake ilikuwa kupima mkondo wa umeme uliopotea ardhini na kuharibu nyaya za simu. Kwa hiyo alizunguka katika mitaa ya Copenhagen akifuatwa na kibarua aliyebeba ngazi, wakifunua mashimo ya barabarani, naye mwanahisabati akishuka ndani kuchukua vipimo kwa mikono yake.

Tabia hiyo ya kupima kwanza ilimfuata katika kila kazi. Alichunguza jinsi sauti inavyopungua nguvu kwenye nyaya ndefu, akabuni chombo cha kupimia, na akatengeneza majedwali ya hesabu ambayo wahandisi waliyatumia kabla ya mashine za kukokotoa kuenea. Maandishi yake yalikuwa mafupi mno. Mara nyingine alitoa jibu bila kuonyesha hatua zote, na waliomfuata walilazimika kutafuta wenyewe njia aliyopitia.

Wala hakuyaficha aliyoyapata. Aliyachapisha katika majarida, ambako hata makampuni ya nchi nyingine yaliweza kuyasoma.

FOMULA YA 1917

Mwaka 1917 ndipo ilipotoka kazi iliyomweka Erlang katika historia. Mitambo iliyounganisha simu yenyewe, bila opereta, ilikuwa imeanza kuingia, na swali la idadi ya laini likawa kali zaidi. Katika makala ya mwaka huo alitoa fomula mbili. Ya kwanza inahesabu ni wito mangapi yatakosa nafasi kabisa laini zote zikiwa na kazi. Ya pili inahesabu watu watasubiri kiasi gani, pale ambapo anayekuta laini zimejaa anakaa kwenye foleni.

Hesabu ya kwanza inaweza kuonyeshwa kwa mfano wa duka. Duka linapokea simu 20 kwa saa, kila moja kwa wastani wa dakika 3. Jumla ni dakika 60 za mazungumzo katika saa moja. Kiasi hicho cha kazi ndicho leo kinaitwa erlang 1. Kwa hesabu ya wastani, laini moja inatosha. Kwa fomula ya Erlang, laini moja itawakataa nusu ya wapigaji. Laini mbili zitawakataa 20 kati ya 100. Laini tatu zitawakataa kama 6. Ni mpaka laini zifike nne ndipo wanaokataliwa wanashuka chini ya 2 kati ya 100.

Sasa yachukuliwe maduka kumi ya aina hiyo. Kila duka likiwa na laini zake nne, zote pamoja ni 40. Lakini maduka hayo kumi yakikubali kutumia laini za pamoja, fomula inasema laini 17 zinatosha, na wanaokataliwa bado ni chini ya 2 kati ya 100. Laini 23 zimeokolewa bila mteja yeyote kuhudumiwa vibaya zaidi. Sababu ni nyepesi: duka moja likizidiwa, mara nyingi jingine limepoa, na laini ya aliyepoa inamsaidia aliyezidiwa.

Makala hayo yalitafsiriwa kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Idara ya Posta ya Uingereza, iliyosimamia simu za nchi hiyo, iliikubali fomula yake. Inasimuliwa hata kwamba mtafiti mmoja wa maabara za simu za Bell, Marekani, alijifunza Kidenmark ili asome maandishi ya Erlang katika lugha yake.

BODA BODA WALILIJUA

Watu wa Busia hawakusubiri hesabu ya Copenhagen ili wajue faida ya kutumia kitu pamoja. Neno boda boda lenyewe inasemekana lilizaliwa katika mpaka huu, kwa vijana wa baiskeli waliowavusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda. Mfanyabiashara wa mayai au wa vitunguu hakuhitaji kununua baiskeli ya kwake ili isimame ukutani siku nzima. Baiskeli chache kwenye stendi moja ziliwatosha watu wengi, kwa kuwa hawakusafiri wote kwa dakika moja.

Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, kilichozinduliwa rasmi Busia mwaka 2018, nacho kinasimama juu ya wazo la jinsi hiyo. Badala ya kupanga foleni upande wa Kenya kisha kuanza upya upande wa Uganda, msafiri na mzigo wake huhudumiwa mahali pamoja na maofisa wa nchi zote mbili. Foleni mbili zikifanywa moja, muda unaopotea unapungua.

Intaneti yenyewe imefika Uganda kwa njia hiyohiyo ya ushirika. Nchi hiyo haina bahari. Nyaya kubwa za baharini zilipofika Mombasa mwaka 2009, zikiwamo SEACOM na TEAMS, mawasiliano ya Uganda yalianza kupita kwenye nyuzi za kioo zinazovuka nchi kavu kupitia mipaka ya Busia na Malaba. Kabla ya hapo eneo hili lilitegemea setilaiti, kwa kasi ndogo na bei kubwa.

FOLENI INAPOKARIBIA KUJAA

Fomula ya pili ya Erlang, ile ya kusubiri, ndiyo inayowashangaza watu zaidi. Chukua dawati moja lenye karani mmoja, ambaye humhudumia mtu kwa wastani wa dakika 10, baadhi haraka na wengine polepole, na watu wanafika bila mpango. Karani akiwa na kazi nusu ya muda wake, anayefika atasubiri wastani wa dakika 10. Kazi ikifika asilimia 80 ya muda wake, atasubiri dakika 40. Ikifika asilimia 90, ni saa moja na nusu. Ikifika asilimia 95, inazidi saa tatu.

Kutoka asilimia 90 hadi 95 ni nyongeza ndogo ya watu, lakini kusubiri kunazidi mara mbili. Ndiyo maana dereva wa lori anaweza kupita Malaba vizuri leo, na wiki ijayo akakuta msururu usiokwisha, ingawa magari hayakuongezeka sana. Mahali palipojaa karibu kabisa hapavumilii hata jambo dogo: mtambo ukizimika kwa nusu saa, foleni yake huchukua siku nzima kuisha.

Laini ya intaneti nayo ni kama dawati hilo. Ikitumika nusu, hakuna anayejua kwamba wako wengi. Ikikaribia kujaa, mtu mmoja akiongezeka nyumba nzima inakwama. Anayelaumiwa ni yule wa mwisho kuingia, hata kama alitaka tu kutuma ujumbe mfupi.

NDANI YA NYUMBA

Kuna tofauti moja kati ya simu za Erlang na intaneti ya leo. Simu yake ilipata laini nzima au ilikosa. Data hukatwa vipande vidogo, na laini ikijaa vipande hivyo hupanga foleni, kwa hiyo kazi zote huenda polepole badala ya moja kukataliwa. Wahandisi waliokuja baadaye walizirekebisha hesabu zake ili zifae hali hiyo. Misingi haikubadilika, na inaingia vizuri katika nyumba au duka lenye kompyuta nne na ruta moja.

Wa kwanza ni kuhesabu saa yenye kazi nyingi kuliko zote, kwa kuwa wastani wa siku unadanganya. Video ya ubora wa juu hutaka takriban megabiti 5 kwa sekunde. Nyumba yenye laini ya megabiti 10 ikiwa na runinga mbili zinazoonyesha mpira, laini imejaa, kabla hata fomu ya forodha haijafunguliwa. Ruta nyingi zina ukurasa unaoonyesha vifaa vilivyounganishwa, na baadhi huonyesha pia kila kimoja kinatumia kiasi gani. Mara nyingi anayekula laini si mtu bali ni simu inayohifadhi picha mtandaoni, kompyuta inayosasisha programu zake kimyakimya, au jirani aliyepewa neno la siri mwaka jana.

Wa pili ni kutoigawa laini vipande vya kudumu. Wengi wakishagombana huamua kumpa kila mmoja robo yake: laini ya megabiti 10 kwa kompyuta nne, kila moja megabiti 2.5. Inaonekana ni haki. Lakini kompyuta moja ikiwa peke yake usiku, megabiti 7.5 zinalala na mwenye kazi anahangaika na zake 2.5. Ni ile hesabu ya laini 40 badala ya 17. Njia bora, kwa ruta inayoruhusu, ni kuweka kiwango cha chini ambacho kila mmoja hakosi, kisha kumwacha aazime kile ambacho wengine hawakitumii kwa wakati huo.

Wa tatu ni kuitanguliza kazi ndogo na ya haraka. Faili la gigabaiti 1 kwenye laini ya megabiti 10 huchukua zaidi ya dakika 13 hata likiwa peke yake. Ujumbe wa malipo ni mdogo mno, hautumii hata sekunde. Malipo yakitangulia, anayepakua filamu hatahisi kitu. Filamu ikitangulia, malipo yanaweza kukwama mpaka muda wake uishe, na mwenye samaki anaondoka na samaki wake. Ruta nyingi za siku hizi zina sehemu ya kuchagua kifaa au kazi ipi itangulie.

Wa nne ni kuukumbuka upande wa kutuma. Laini nyingi za nyumbani hutuma kwa kasi ndogo kuliko zinavyopokea. Picha za mzigo au video zikitumwa nyingi kwa pamoja, upande huo unajaa, na hata kupokea kunakwama, kwa kuwa kila kinachopokelewa kinahitaji jibu dogo la kuthibitisha kwamba kimefika. Kuziwekea kazi hizo kikomo kidogo chini ya kasi halisi ya laini, au kuzipeleka usiku wa manane, huondoa mkwamo ambao wengi huudhania kuwa ni kosa la kampuni ya intaneti.

Baada ya hayo yote, ikiwa saa ya kazi nyingi bado inaijaza laini karibu yote, basi kweli laini haitoshi na kununua kubwa zaidi ni halali. Lakini anayenunua kabla ya kuhesabu anaweza kulipa mara mbili na kukuta simu zilezile zinazohifadhi picha zimeimeza ile nyongeza nayo.

MTU WA WATU

Erlang hakuoa. Muda wake aliupa kazi, vitabu na watu wenye shida. Alikusanya maktaba kubwa ya hisabati, nyota na fizikia, na wanahisabati wenzake waliofika kwake aliwaazima vitabu na maarifa bila kinyongo. Maskini walijua njia ya kwenda maabara yake kuomba msaada, naye alijitahidi kuwasaidia kimya, bila kujitangaza.

Kwa karibu miaka 20 katika kampuni hiyo hakuwahi kukosa kazi kwa ugonjwa. Januari 1929 aliugua, akalazwa hospitali kwa upasuaji wa tumbo. Alifariki Februari 3, 1929 akiwa na umri wa miaka 51.

Heshima kubwa ilikuja baada ya kifo. Mwaka 1946 chombo cha kimataifa cha simu kiliamua kwamba kipimo cha kazi inayobebwa na laini za simu kiitwe erlang. Kama vile nguvu ya umeme inavyopimwa kwa wati, wingi wa mazungumzo ulianza kupimwa kwa jina la mwalimu wa Lønborg.

Mwaka 1986, katika maabara ya kampuni ya Ericsson ya Sweden, wahandisi walianza kutengeneza lugha ya kuandikia programu za mitambo ya simu, mitambo inayopaswa kuhudumia maelfu ya watu kwa pamoja bila kuanguka. Lugha hiyo waliiita Erlang. Miaka mingi baadaye waanzilishi wa WhatsApp waliichagua kwa ajili ya mitambo inayopokea na kusambaza ujumbe wao.

Hivyo mfanyabiashara wa Tororo anapomtumia mwenzake wa Busia picha ya gunia la maharagwe na bei yake, ujumbe huo hupita kwenye mitambo iliyojengwa kwa lugha yenye jina la Erlang, juu ya laini ambazo wahandisi walizikadiria kwa misingi aliyoiweka kati ya 1909 na 1917. Usipofika kwa sababu nyumba nzima iko kwenye mpira, dawa yake pia ilishaandikwa: hesabu saa ya kazi nyingi, tumia laini kwa pamoja, acha nafasi ya akiba, na tanguliza kilicho kidogo na cha haraka.